Nenda Bustanini na Kamera, Lakini Usiwe na Haraka

Daktari akimwambia mtu mzima, "Uwe unatembea," mtu huyo hurudi nyumbani akitikisa kichwa. Atembee aende wapi? Wengi wetu tumetembea tangu utotoni: kuchota maji, kwenda shambani, sokoni, shuleni na steji ya matatu. Kutembea bila mahali pa kwenda tunakuona ni shughuli ya mtu aliyekosa kazi. Mimi nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi na nimewapa wagonjwa ushauri huo mara zisizohesabika. Sikujua ulivyo mgumu mpaka siku nilipopewa mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimestaafu, na miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mume wangu. Presha ilipanda, usingizi ukanipotea. Nikapewa dawa, nikaambiwa nipunguze chumvi na nitembee. Dawa nilimeza na chumvi nilipunguza. Kutembea nilianza Jumatatu, na kufikia Ijumaa ya wiki ya pili nilikuwa nimeacha. Nilikuwa nikizunguka barabara ya mtaa wetu huku nikihesabu dakika kama mfungwa, na kila niliyekutana naye aliniuliza, "Mama, unaenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Kilichonirudisha njiani ni kamera. Jumamosi moja binti yangu wa mwisho alinipeleka Msitu wa Karura, hapa Nairobi, akanipa simu yake ya zamani akaniambia, "Mama, nipigie picha ya mti mmoja tu unaoupenda." Nilikwenda huku na huku nikiulinganisha huu na ule. Nilipoupata, mti mkubwa ulioinamia mto, saa nzima ilikuwa imepita. Nilikuwa nimetembea mwendo ambao barabarani kwetu ungenishinda, wala sikuhesabu hata dakika moja.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mazoezi ya kupiga picha za mandhari katika bustani au msitu ulio karibu ni njia nzuri ya kulinda afya ya familia, na wala si anasa. Lakini faida yake iko katika kule kusimama na kutazama. Picha yenyewe ni ukumbusho tu kwamba ulitazama.

MWILI UNAPATA NINI?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo kunatosha. Anayetafuta picha hupanda kilima, hushuka mtoni, huchuchumaa ili apate ua la chini, kisha huinuka. Ni kweli kwamba husimama mara nyingi, kwa hiyo kati ya picha na picha akaze mwendo.

Zaidi ya mazoezi, kuwa kati ya miti kuna jambo lake. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walikaa hospitalini wastani wa siku 8 hivi baada ya upasuaji. Wale waliotazama ukuta wa matofali walikaa karibu siku 9. Aidha, waliotazama miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Wagonjwa hao walikuwa wachache, 46 tu, kwa hiyo tusiligeuze jambo hili kuwa sheria. Lakini mwaka 2019 utafiti mwingine wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliokaa mahali penye miti na majani angalau dakika 120 kwa wiki walisema wana afya njema kuliko wasiofika huko kabisa. Huenda pia wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha mambo hayo yote. Hata hivyo, saa mbili kwa wiki si mzigo.

Tuwafikirie na watoto. Jicho likitazama kitu cha karibu, misuli yake ya ndani hukaza. Likitazama mbali, misuli hiyo hulegea na kupumzika. Katika mji wa Guangzhou, China, shule kadhaa ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku. Baada ya miaka 3, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba asilimia 30 hivi ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule ambazo hazikuongeza muda huo, walikuwa karibu asilimia 40. Mtoto wa siku hizi hutoka kwenye daftari akaingia kwenye televisheni, akatoka hapo akaingia kwenye simu. Mpeleke nje, umwambie, "Niambie mti wa mbali kabisa unaouona ni upi." Hilo nalo ni somo la picha.

KUNA KUPIGA NA KUPIGA

Hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wetu. Nimewaona wakiingia bustanini, wakijipiga picha 50 kwa dakika 10, kisha wakaketi kwenye benchi wakiinamia simu kuzitazama na kuzituma. Miili yao imefika, macho yamebaki kulekule nyumbani. Siwalaumu, maana nasi tungekuwa na simu hizo tungefanya vilevile. Lakini wanaopenda faida ninayoieleza hawataipata hivyo.

Sisi tuliokua wakati wa filamu tunakumbuka: filamu ilikuwa na picha 24 au 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake ya kusafishwa. Mtu alifikiri kwanza, ndipo akabonyeza. Mimi nimejiwekea kanuni ya picha 12 kwa kila safari. Zikiisha, simu inaingia mfukoni. Kwa sababu ya uchache huo najiuliza: mwanga unatoka upande gani? Mstari wa upeo wa macho umelala sawa au umeinama? Kuna kitu cha karibu, kama jiwe au mzizi, cha kumwonyesha mtazamaji kwamba mti ule uko mbali? Mti ukae katikati au pembeni?

Mwanga nao una saa zake. Kwetu karibu na mstari wa ikweta jua huchomoza kama saa 12 na nusu asubuhi na kupanda upesi, karibu wima. Mapema, mwanga hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, ndiyo sababu huwa wa manjano na laini, na vivuli huwa virefu. Ifikapo saa 3 mwanga umekuwa mkali na vivuli vimekuwa vyeusi. Basi anayetaka picha nzuri ataamka mapema, na ili aamke mapema itambidi alale mapema. Daktari gani hatalifurahia hilo?

Jambo la mwisho ni kurudi mahali palepale. Mti wangu nimeupiga picha wakati wa ukungu wa Julai, wakati wa vumbi la Februari, na mvua za Aprili zilipoujaza mto ukawa rangi ya chai ya maziwa. Mwanzoni nilidhani nitachoka nao. Kumbe sikuwa nimeuona.

Naomba niseme na hili. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi nikisubiri jua lifike kwenye shina. Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikalia mpaka nikatosheka. Waliopita walinisalimu kwa upole, wala hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Uuguzi ulinifundisha kwamba huzuni isiyopata mahali pa kutokea huuelemea mwili pia. Pengine kwenu kuna mjane, au kijana aliyepoteza kazi, ambaye hataki kuongea na mtu. Usimhubirie. Mwombe tu akusindikize mkapige picha.

"HAYO NI MAMBO YA MATAJIRI"

Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Najibu kwamba bustani na misitu ya umma ni mali yetu sote, na kuna watu walioumia ili ibaki yetu. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru, akatukanwa hadharani, jengo halikujengwa. Karura, msitu wa hekta 1,000 hivi uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, ulikuwa umeanza kugawiwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Januari 1999 yeye na wenzake walipokwenda kupanda miti walishambuliwa, akajeruhiwa kichwani. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Tukiacha kwenda katika mahali hapo, tutakuwa tumewaachia wengine waseme kwamba hapana wenyewe.

Ni kweli kwamba Karura ina kiingilio, na nauli nayo ni pesa. Asiye na uwezo wa kwenda kila wiki aende mara moja kwa mwezi, na wiki nyingine atafute mahali pa karibu: uwanja wa shule, ukingo wa mto, mti ulio nyuma ya kanisa. Wala si lazima kununua kamera. Simu moja yaweza kutumiwa na familia nzima kwa zamu, kila mmoja picha 3. Jioni mzitazame pamoja, na kila mmoja aeleze alichokuwa anakitazama. Mtayasikia mambo ambayo mezani hayasemwi.

TAHADHARI

Kwanza, usilielekeze jicho kwenye jua kupitia tundu la kamera yenye lenzi kubwa. Lenzi hukusanya mwanga na inaweza kuliunguza jicho moja kwa moja. Pili, usitembee huku ukitazama simu. Simama ndipo upige. Tatu, vaa viatu vilivyofunika mguu na suruali au sketi ndefu kwa ajili ya kupe na miiba, na ubebe maji. Nne, pita katika njia zilizowekwa, mkiwa wawili au zaidi, na usiwape nyani wala tumbili chakula. Tano, usipige picha za watu, hasa watoto wa wengine, bila ruhusa, na uulize langoni masharti ya kupiga picha ni yapi. Mwisho, mwenye maradhi ya moyo au magoti amwone mganga wake kabla ya kuanza kupanda vilima.

Tena, asiwepo atakayesema kwamba niliwaambia mwache dawa. Mimi bado nameza zangu kila asubuhi, na presha napimwa kila mwezi. Imetulia kuliko mwaka ule, na siwezi kusema ni kwa sababu ya mti, dawa, chumvi au machozi. Najua tu kwamba usingizi umerudi, na kwamba ukutani kwangu kuna picha 12 za mti mmoja, moja kwa kila mwezi. Ile ya kwanza imepinda, na kidole changu kimeziba pembe moja. Sitaiondoa.

Haba na haba hujaza kibaba. Jumamosi hii amka mapema, mchukue mmoja wa nyumbani kwako, mkatafute mti wenu.