MNARA TUUDAI PAMOJA

Ndugu wanaushirika, mpaka lini tutapanda kilima kutafuta mtandao? Mlanguzi wa vitunguu anajua bei ya Arusha tangu asubuhi. Sisi huku bondeni Eyasi tunaisikia jioni, lumbesa imeshafungwa. Na mjamzito akizidiwa usiku, gari tutaliitaje?

Kweli, bati na kuta nene hupunguza mawimbi. Simu ikiwekwa dirishani hupata nafuu. Lakini mlima ukiukinga mnara, dirisha litasaidia nini?

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya 2006, usaidie kujenga minara vijijini ambako makampuni hayaoni faida. Basi tuache kunung'unika vilabuni. Mkutano wa kijiji upitishe azimio, tutenge kiwanja, diwani apeleke barua wilayani Karatu. Sauti moja haisikiki. Ya kijiji husikika.