Neno la Mhariri: Hamira Nayo Iruhusiwe Kukataa

Makala nyingi za mimea dawa zinazofika mezani kwetu zina sentensi moja: mmea huu una antioksidanti kwa wingi. Ushahidi ni uleule, kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, ambayo ikichanganywa na maji ya gome au majani hugeuka njano. Ni kipimo rahisi, na majani ya chai hukifaulu bila shida. Lakini hapo kemikali imekutana na kemikali. Hakuna kiumbe hai aliyeulizwa lolote. Kutoka hapo hadi maneno "huzuia uzee" kwenye lebo ya chupa ni hatua chache mno. Na mkoa wetu wa Arusha unajua tumaini linavyokimbia: mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500.

Toleo hili linatetea kipimo cha katikati, yaani hamira, hii hii ya maandazi. Jeni zake, zinazokaribia 6,000, zilisomwa zote kufikia 1996, kabla ya za kiumbe kingine chochote ambacho seli zake zina kiini kama zetu. Ikipewa sukari na joto la nyuzi 30, hujigawa kila baada ya dakika 90 hivi. Panya wa maabara atakuweka miaka miwili au mitatu ukisubiri azeeke. Seli ya hamira huzaa vichipukizi ishirini na kitu, kisha hufa, yote ndani ya siku chache. Kwa Tengeru, yenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela na watafiti wa mboga za asili, na yenye mimea ya Mlima Meru mlangoni, sioni kisingizio cha kuishia kwenye zambarau na njano.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Seli hulowekwa katika maji ya mmea, huchomwa kwa haidrojeni peroksaidi, kisha hupunguzwa makali mara kumi, mara mia, mara elfu, na kudondoshwa tone tone kwenye sahani ya agari. Baada ya siku mbili unahesabu madoa meupe: mmea uliokinga seli utaonyesha madoa hadi mwisho wa mstari. Ila kuna mtego. Usipoziosha seli kabla ya kutia peroksaidi, maji ya mmea yataiharibu peroksaidi humo humo kwenye chupa, nawe utaandika kwamba seli zimekingwa, kumbe adui hakuzifikia. Mtego wa pili ni wa uzee. Hamira iliyokaa siku nyingi katika maji yake hujaza humo asidi ileile ya siki, nayo huiua. Mmea unaopunguza asidi tu utaonekana umerefusha maisha.

Ndiyo maana nasema thamani ya hamira iko katika kukataa kwake. Mwaka 2003 jarida la Nature lilitangaza kwamba resveratroli, inayopatikana kwenye ganda la zabibu, imerefusha maisha ya hamira kwa hadi asilimia 70. Miaka miwili baadaye maabara nyingine ilijaribu kwa hamira za koo tofauti, na haikuona kitu. Biashara haikusubiri: mwaka 2008 GlaxoSmithKline ilinunua kampuni ya Sirtris, iliyojengwa juu ya wazo hilo, kwa dola milioni 720. Hamira haikudanganya mtu. Waliosikiliza jibu lake la kwanza hawakungoja la pili. Upande mwingine kuna dawa ya rapamisini: shabaha yake katika seli ilitambuliwa kwenye hamira mwaka 1991, na mwaka 2009 ikaonekana kurefusha maisha ya panya. Iliwachukua watafiti miaka 18.

Basi kuanzia sasa makala itakayodai kuzuia uzee ieleze kama seli zilioshwa, asidi ilipimwa, na hamira za koo ngapi zilitumika. Matokeo ya "hakuna tofauti" tutayachapisha, tena kwa ukurasa mzima.

Kuhusu koo, nina ombi mahususi. Wachagga hutia gome chungu la mti wa msesewe kwenye pombe yao ya mbege, na hamira ya humo huendelea na kazi yake. Huenda hamira hiyo imezoeana na gome hilo kuliko yoyote iliyoagizwa kwa posta kutoka Ulaya. Mtafiti atakayeziweka mbili hizo sahani moja, kwa msesewe uleule na peroksaidi ileile, atuletee madoa yake, yawe mengi au yasiwepo kabisa.