Friza Si Mganga wa Samaki

Tangu umeme uingie vijijini, sisi makarani wa parokia twaulizwa maswali yasiyomo katika vitabu vya ubatizo. Watu husema, "Karani amesoma chuo cha ualimu, huyo atajua." Safari hii swali limetoka kwa akina mama wa Songo Songo: kitu gani chafaa kugandishwa nyumbani, na kitu gani hakifai?

Zamani samaki aliyebaki alikaangwa, au alipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa hata akawa ng'onda. Gesi iligunduliwa kisiwani mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba. Kijiji nacho kikapata umeme, na friza zikaingia majumbani. Pamoja nazo yakaingia mawazo yasiyo sawa, kwamba baridi huponya chakula. Haiponyi. Baridi huvilaza vijidudu vinavyoozesha, haiviui. Ukimtoa samaki nje akapata joto, vijidudu huamka na kuendelea na kazi yao.

Jambo kubwa ni jodari, nguru na vibua. Samaki hawa wakishinda chomboni tangu asubuhi hata alasiri bila barafu, hufanyika ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini. Pengine hakuna harufu mbaya hata kidogo. Sumu hiyo haiondoki kwa friza, wala kwa moto, wala kwa ndimu. Mlaji huona kinywa chamwasha kama pilipili, mwili wamwasha, kichwa chamuuma, moyo waenda mbio, na huenda bado yuko mkekani anakula. Watu husema karogwa. Hakurogwa, apelekwe zahanati upesi. Basi samaki wa namna hii na atumbuliwe, aoshwe, atiwe baridi mapema. Aliyekwisha kushinda juani msimtie frizani mkidhani mmeokoa fedha yenu.

Bunju yeye ana sumu, na hakuna upishi wa kuiondoa. Nyama ya kasa nayo yaweza kuwa hivyo: mwezi Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa kuila. Tena kumvua kasa ni kinyume cha sheria.

Sasa pweza. Huyu ndiye rafiki wa friza. Pweza mbichi ni mgumu, ndiyo maana hupigwapigwa kabla ya kuingia chunguni. Lakini maji yaliyomo ndani ya nyama yake yakiganda huwa vipande vidogo vya barafu, navyo huzikata nyuzi za nyama. Akiyeyuka amekwisha kulainika, na mikono ya mama imepumzika. Pweza wa bamvua aweza kungojea siku za maji mafu, na ladha yake ni ileile. Ngisi na kamba nao hukubali.

Barafu hiyohiyo inayomsaidia pweza ndiyo inayoharibu tango, tikiti maji na majani ya saladi: yakiyeyuka ni majimaji tu. Nyanya hulegea, lakini ndani ya mchuzi nani atajua? Viazi vya kuchemsha huharibika. Muhogo mbichi uliomenywa hukaa vizuri sana. Mtindi hukatika. Tui hutengana, ila likikorogwa motoni hurudi. Mimi napenda zaidi kugandisha nazi iliyokunwa, tukaikamua siku ya kupika. Yai zima hupasuka, na chupa ya soda pia. Majirani zetu Waislamu huweka sambusa mbichi za Ramadhani, nasi twaweza kuwaiga wakati wa Pasaka.

Fungeni vizuri, mafungu ya mlo mmoja mmoja, ili msiyeyushe samaki wote kwa ajili ya kitoweo cha jioni moja. Samaki wa mafuta, kama vibua, aliwe kabla ya miezi 3. Changu aweza kufika miezi 6, ikiwa baridi ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuyeyusha ni ndani ya jokofu, si uani juani.

Umeme ukikatika, msifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Na kwa wenye safari ipo hila moja: gandisheni maji katika kikombe cha plastiki, wekeni sarafu juu ya barafu, mkiache kikombe frizani. Mkirudi kutoka Kilwa Masoko mkaikuta sarafu imezama, jueni umeme ulikatika muda mrefu na kila kitu kiliyeyuka, hata kama sasa kimekuwa kigumu kama jiwe. Samaki wa humo msimle, wala msimpeleke sokoni.