Mama Mkwe Halali Usiku

Mama mpendwa, je, mama mkwe huamka saa nane usiku akazunguka uani? Usimwogope. Uzeeni usingizi huwa mwepesi, na aliyelala saa mbili ameshapata saa sita.

Huku kwetu Mwanza, miaka ya 1990 na hata baadaye, vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa ajili ya macho mekundu tu, mara nyingi ya moshi wa jikoni! Basi tusimwache gizani peke yake. Tumwekee ndoo chumbani. Chai ya majani anywe asubuhi, mchana asilale sana, jioni tuzungumze naye hadi saa nne. Akikoroma na kukatika pumzi, tumpeleke hospitali. Vidonge vya usingizi tusimnunulie ovyo, humwangusha. Na majirani tuwaambie mapema kwamba mama hukosa usingizi.