Siri ya Mtungi, Ujuzi wa Kata

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika historia ya kokteli za tiki, vile vinywaji vya ramu vilivyozaliwa California miaka ya 1930, mtungi umesifiwa sana na kata imesahauliwa. Kila anayesimulia habari hizi huanza na Ernest Gantt, aliyekuja kujiita Donn Beach. Mara baada ya marufuku ya pombe kufutwa Marekani, Desemba 1933, alifungua baa ndogo Hollywood, akaipamba kwa mianzi, na akauza Zombie, kokteli iliyokuwa kali kiasi kwamba mteja hakuruhusiwa kupita mbili. Kipaji chake hakina ubishi. Lakini hoja ya toleo hili ni kwamba, ikiwa leo Zombie inaweza kunyweka kama ilivyobuniwa, shukrani ni za waliosimama nyuma ya kaunta, na historia ya kinywaji hiki inafaa kuandikwa kuanzia kwao.

Donn Beach alificha kila kitu. Chupa za kaunta yake zilibandikwa namba na herufi badala ya majina, na mchanganyaji aliambiwa atie kipimo hiki cha “Don's Mix” na kile cha viungo namba nne, asijue anatia nini. Wapo watakaosema alikuwa na haki, kwa kuwa wapinzani walikuwa wakiwarubuni watu wake ili wawaibe pamoja na vipimo vyao. Nakubali. Ila siri hiyo ilimlinda yeye, kinywaji chenyewe haikukilinda. Walioshindwa kuipata walibahatisha, na kubahatisha huko kukageuka desturi: Zombie ikawa jina la bilauri yoyote yenye maji ya matunda na ramu yoyote iliyo karibu. Mai Tai, kokteli nyingine ya tiki, nayo haikupona. Ile ambayo Victor Bergeron, maarufu kwa jina la Trader Vic, aliibuni Oakland mwaka 1944 ilikuwa na ramu ya Jamaika iliyokaa pipani miaka 17, ndimu, shira ya lozi, kileo cha maganda ya machungwa na shira kidogo ya sukari, basi. Watalii wa miongo iliyofuata waliletewa glasi iliyojaa maji ya nanasi, wakaaminishwa kwamba ndiyo hiyo.

Aliyeitafuta Zombie kwa miaka mingi ni mtafiti Jeff Berry, na hakuipata kwenye karatasi za mwenye baa. Aliipata kwenye daftari dogo la 1937 la Dick Santiago, mmoja wa wafanyakazi wa Donn Beach, lililokuwa limetunzwa na familia yake. Hata humo fumbo la “Don's Mix” lilikuwa bado limefungwa, hadi walipoulizwa wazee wa kaunta: ni sehemu mbili za maji ya balungi kwa sehemu moja ya shira ya mdalasini. Kitabu cha Berry, Sippin' Safari, kikaichapa mwaka 2007. Ukivisoma vipimo hivyo polepole utaona kazi ya fundi. Ramu ni tatu: mililita 45 ya Puerto Rico, 45 ya Jamaika, na 30 ya Demerara kutoka Guyana yenye nguvu ya asilimia 75.5. Hakuna inayoweza kuchukua nafasi ya mwenzake, maana ya kwanza ni nyepesi, ya pili ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na ya tatu ina moshi na uzito. Ndimu inazikata makali, na falernum, shira ya viungo ya Barbados, inaleta karafuu, ileile ambayo msomaji wa Pemba ameizoea ikianikwa juani kwenye majamvi. Kisha matone sita tu ya Pernod, kileo chenye ladha ya anisi. Ukizidisha, umeharibu. Ujuzi wa namna hii uliishi mikononi mwa watu kama Santiago na Ray Buhen, Wafilipino waliotoka nchi iliyokuwa koloni la Marekani. Buhen alianza kwa Donn Beach, akafungua baa yake, Tiki-Ti, mjini Los Angeles mwaka 1961, na familia yake imeiendesha tangu hapo.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kokteli za tiki linahusu vinyago vya baa zake. Tiki, kwa Wamaori, ni jina la mtu wa kwanza, na sanamu za aina hiyo ni za mababu na miungu. Kuzifanya vikombe vya pombe kumewaudhi wengi wa visiwa vya Pasifiki. Wana haki kuudhika, na sioni utetezi wa kikombe hicho. Wapenzi wa tiki wakijibu kwamba bila pambo hakuna raha, wanakidharau kinywaji wanachodai kukienzi. Ramu, ndimu, sukari na viungo ni urithi wa Karibi, ambako miwa ililimwa kwa karne nyingi na Waafrika waliotiwa utumwani, na hakuna hata tone lililohitaji sura ya mungu wa watu wengine. Mwenye kutaka kuheshimu asili na aanzie hapo, kwenye mashamba na mitambo ya Jamaika, Barbados na Guyana.

Msomaji asiyekunywa ana haki ya kuuliza yote haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu daftari la Santiago lina ndugu zake kila mahali: kwa fundi cherehani, kwa mpishi wa harusi, kwa mtengeneza marashi, watu ambao kazi yao hubeba jina la tajiri. Kwa hiyo katika kurasa zinazofuata, kila kinywaji kimechapwa na vipimo vyake kamili, nchi iliyotoka ramu yake, na jina la aliyekichanganya pale linapojulikana. Pale lisipojulikana tumeacha mstari mtupu, na hatukuujaza kwa jina la mwenye baa.