Mgeni Njoo, Mwenyeji Ahame

Mwaka jana niliwachagulia watu mahali pa kulala jijini Lisbon. Mimi Lisbon sijawahi kufika. Uwanja wa ndege nimeuona mara moja tu, siku tuliyomsindikiza mjomba akienda Doha kuwa bawabu, na hata hapo tuliishia nje kwenye maegesho. Lakini niliandika kwa sauti ya mtu aliyepanda na kushuka ngazi za Alfama mpaka soli zikaisha: mtaa gani unafaa wapenzi walio kwenye fungate, upi unafaa familia yenye watoto, na upi unamfaa yule msafiri "anayetaka kuishi kama mwenyeji."

Maneno 2,000, shilingi 1,500. Niko kwenye bedsita yangu Roysambu, ghorofa ya nne, na bando la usiku kwa sababu hilo ndilo la bei nafuu. Chuo niliacha mwaka wa tatu karo ilipokataa kabisa kupatikana, na tangu hapo nimeandika kila kitu ambacho watu wa mbali hawataki kujiandikia. Jina linalowekwa juu ya makala si langu. Ni la mwanamke mwenye kofia ya ukili, anatabasamu, na wasifu wake unasema amezuru nchi 40. Sijui kama yupo.

Sikuja kulia kuhusu malipo. Hilo lina siku yake. Nimekuja kusema kwamba miongozo hii ya "chagua hoteli yako kwa mtaa" ni ulaghai, na ninasema hivyo nikiwa mmoja wa walaghai.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Kwetu hoteli ni pale kwa kina mama, chapati mbili na ndengu, ukimaliza unatoka. Hoteli ya butiki ni jambo lingine kabisa. Ina vyumba vichache. Mara nyingi ni nyumba ya zamani iliyokarabatiwa, kila chumba na rangi yake, vigae vya kale vimeachwa ukutani makusudi. Hoteli kubwa inauza kitanda, bwawa la kuogelea na ukumbi wa mikutano. Hii ndogo aghalabu haina bwawa wala ukumbi, na kitanda utakipata popote. Inachouza ni mtaa. Ndiyo maana mwongozo wake lazima upangwe mtaa kwa mtaa, na ndiyo maana mtu kama mimi anapata kazi: kuuza nguo zilizoanikwa kwenye madirisha ya watu, bibi anayechungulia kutoka roshani yake, harufu ya samaki wanaochomwa barabarani mwezi wa Juni. Hoteli haimiliki hata kimoja kati ya hivyo. Na yule bibi hajawahi kulipwa hata senti kwa kuchungulia.

Kanuni ya kuandika ni nyepesi, hata wewe unaweza kuanza kesho. Kila mtaa unapewa sifa moja. Baixa ni "rahisi kwa wanaotembea kwa miguu." Chiado ni "maridadi." Bairro Alto "haulali." Alfama ni "roho ya jiji." Mouraria ni "halisi, bado haujagunduliwa." Belém ni "historia." Ongeza bei, ongeza picha ya vigae vya buluu, tuma.

Kuna ukweli ndani yake, sikatai. Baixa ni tambarare na barabara zake zimenyooka kwa sababu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliuangusha mtaa huo, ukajengwa upya kwa mistari chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal. Alfama ulinusurika kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana bado ni vichochoro na ngazi, na ukifika na sanduku la magurudumu utalibeba kichwani. Bairro Alto ni baa na kelele hadi usiku wa manane, kwa hivyo mwenye mtoto mchanga asijaribu. Hayo yanamsaidia msafiri, na yanatosha aya moja. Mwongozo ungeishia hapo nisingekuwa na ugomvi nao. Lakini aya moja haiuzi chumba. Kinachouza ni neno "halisi." Nimehesabu. Katika makala ile nililitumia mara kumi na moja.

Sasa tuulize: nani anaufanya mtaa kuwa halisi, na yuko wapi?

Mwaka 2012, nchi ikiwa imebanwa na masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, Ureno ililegeza sheria ya upangaji. Ikawa rahisi kupandisha kodi za zamani na kuwatoa wapangaji. Mwaka huohuo ikaanzisha viza ya dhahabu: nunua nyumba ya euro 500,000, upewe kibali cha kuishi. Njia hiyo ya kununua nyumba imefungwa mwaka 2023, baada ya zaidi ya miaka kumi. Katikati ya hapo watalii wakafurika, na mwenye nyumba yeyote anayejua kujumlisha akaona kwamba mgeni wa siku tatu analipa vizuri kuliko mpangaji wa miaka thelathini. Ilipofika 2018, baraza la jiji lilisimamisha leseni mpya za nyumba za kukodisha kwa siku katika mitaa mitano: Alfama, Mouraria, Castelo, Madragoa na Bairro Alto.

Soma tena orodha hiyo, kisha urudi kwenye yangu. Mitatu kati ya ile mitano imo. Mitaa ambayo wenyeji wake walikuwa wanalia kwamba wanafukuzwa, ndiyo mimi niliyokuwa nawaambia watu wa mbali waende wakalale ili waishi kama wenyeji. Na sikukosa kujua. Niliisoma habari ya katazo lile nikitafuta maelezo, saa nane usiku, nikaiacha nje kwa sababu maelekezo ya mteja yalisema "mtazamo chanya." Usiniambie katazo liligusa nyumba za kukodisha tu na si hoteli. Najua. Hoteli ikija, inachukua jengo zima.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi niliandika mgeni njoo, mwenyeji ahame, nikalipwa kwa M-Pesa.

Halafu kuna kile ambacho sifa moja kwa kila mtaa inakifukia. Upande wa Santa Catarina kuna barabara inaitwa Rua do Poço dos Negros. Niliisifu: mikahawa midogo, vijana wa sanaa, kahawa nzuri. Niliandika "mahali pa kujipumzisha." Baada ya kutuma kazi ndipo nilipotafuta maana ya jina. Ni Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa Waafrika, kwa kuwa zilikuwa zinaachwa ovyo jijini, na jina la barabara hiyo linahusishwa na shimo hilo. Mimi, Mwafrika, niliwaambia watu wakapumzike hapo na kikombe cha kahawa. Niliomba kurekebisha. Nikajibiwa kwamba makala imeshapita na habari kama hiyo "haimsaidii msomaji kuchagua."

Aya iliyofuata ilikuwa ya Lapa na Santos: "kutulivu, karibu na jumba zuri la makumbusho." Jumba hilo ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, na ndani yake kuna monstransi ya Belém, kile chombo cha kuonyeshea Ekaristi, iliyokamilika mwaka 1506. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Vasco da Gama aliitoza Kilwa katika safari yake ya pili, akarudi nayo kwa mfalme. Kilwa hiihii ya pwani yetu. Mwaka mmoja kabla chombo hakijakamilika, Wareno hao hao, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliichoma Mombasa. Dhahabu iliingia Lisbon bila kuulizwa swali. Mimi nikitaka kwenda kuitazama, ada ya viza ni euro 90, hazirudi hata ukinyimwa. Bima ya euro 30,000, taarifa za benki, na uthibitisho wa mahali nitakapolala. Yaani lazima nichague hoteli kwanza, kwa mtaa ukipenda, ndipo niambiwe kama ninaruhusiwa kuingia. Nimewachagulia maelfu, mwenyewe sijafika dirishani.

Kuna watakaosema: wacha wivu, utalii unalisha watu. Unalisha, ndiyo. Basi tupige hesabu ya sahani. Vyumba nilivyopewa kuandika vilikuwa vya euro 200 hadi 300 kwa usiku. Mshahara wa chini wa Ureno mwaka 2025 ulikuwa euro 870 kwa mwezi. Usiku tatu au nne za mgeni mmoja ni mwezi mzima wa anayemtandikia kitanda. Unadhani huyo anayetandika analala Alfama? Mabrazili, Wanepali, watu wa Bangladesh na Cape Verde wanaoosha vyombo na mashuka ya jiji hilo, wengi wanakaa mbali, wanaingia alfajiri kwa treni. Kule Amadora, nje kidogo ya Lisbon, kuna Cova da Moura, mtaa uliojengwa kwa mikono ya wakaaji wenyewe, wengi wao watu wa Cape Verde, tangu miaka ya 1970. Kama ni kuwa halisi, huo ni halisi. Sijawahi kuombwa niuandikie hata mstari. Kumbe "halisi" maana yake ni maskini aliyekwisha kuondoka, akaacha vigae.

Wengine watasema kazi ni kazi. Rafiki yangu tuliyeanza naye chuo aliniambia hivyo: "Wewe usipoandika, ataandika mwingine, na kodi utalipa na nini?" Sikuwa na jibu. Jibu nililetewa na keretaka mwezi wa pili mwaka huu. Alibisha mlango na karatasi. Mwenye ploti ameamua ghorofa ya tatu na ya nne zitiwe fanicha ziwe za kukodisha kwa usiku, kama ambavyo jirani zetu kadhaa hapa Roysambu wamefanya. Tumepewa mwezi mmoja. Mama Shiko wa mkabala, ambaye amenikopesha unga mara nisizoweza kuhesabu, amekaa hapo miaka tisa.

Keretaka alisita mlangoni, akakuna kichwa. "Wewe si huandikia wazungu mambo ya hoteli? Mwenye nyumba anauliza kama unaweza kutuandikia tangazo. Sema mtaa uko sawa, kuna maduka, majirani wazuri. Atakukatia elfu mbili kwa kodi ya mwisho."

Majirani wazuri. Wale wale wenye notisi mkononi.

Nilimwambia nitafikiria. Nakiri kwamba nilifikiria kweli, kwa sababu elfu mbili ni elfu mbili. Usiku ule nilifungua laptopu, nikaandika "mtaa halisi," nikaketi nikiyatazama maneno yale. Ndipo nilipoelewa nilichowauzia watu mwaka mzima. Nikafunga.

Sisemi watu wasisafiri. Mgeni lazima alale mahali, na nyumba ndogo yenye watu wanaokujua jina si dhambi. Ninachosema ni kwamba ukichagua mtaa, umechagua majirani, na jirani ana haki ya kuulizwa. Kabla ya kulipia chumba, Lisbon au kokote, uliza mambo matatu. Jengo hili lilikuwa nini kabla ya kuwa hoteli? Ghala, nyumba ya watawa, gofu lililoachwa, au familia kumi na mbili? Kama tovuti yao inaeleza karne ya vigae lakini haisemi nani aliishi humo miaka kumi iliyopita, umejibiwa. Pili, je, karibu na hapo kuna shule, bucha, fundi viatu, au ni maduka ya zawadi tu kila kona? Pasipo na bucha hapana mwenyeji wa kuishi kama yeye. Tatu, anayefua mashuka anakaa wapi, na anafikaje kazini? Waandikie, uwaulize. Wakikasirika, lala Baixa kwenye hoteli ya kawaida ambayo haikuahidi kukupa maisha ya mtu. Na ile kodi ya utalii ya euro 4 kwa usiku, ambayo ilikuwa euro 1 ilipoanza 2016, lipa bila kunung'unika.

Kwenu mnaoandika kama mimi, Roysambu, Juja, Rongai, mkiwa na majina ya watu wengine juu ya kazi yenu: hatuwezi wote kukataa kazi, najua bei ya unga. Lakini kuna maneno mawili tunayoweza kuyanyima. Tusiandike "halisi" wala "kama mwenyeji" juu ya mahali ambapo hatujui mwenyeji yuko wapi. Mteja akiyataka sana ayaandike yeye.

Mwezi huu nilitumiwa kazi nyingine, Barcelona, mtaa kwa mtaa. Nimeandika yale ya kusaidia: kelele ziko wapi, treni iko wapi, ngazi ni ngapi. Mwishoni nikaongeza sentensi moja: mwandishi wa makala haya hajawahi kufika Barcelona. Bado nasubiri kuona kama nitalipwa. Mama Shiko naye anatafuta nyumba upande wa Githurai, na Jumamosi nitamsaidia kubeba vitu.