Baraza la Sindano: Kina Mama Wakutanapo Kushona



Hakuna mshonaji, hata awe hodari namna gani, awezaye kupima pindo la nyuma la gauni alilolivaa mwenyewe. Akiinama kulitazama, kitambaa hupanda, akiinuka, hushuka. Hana budi kuwa na mwenziwe wa kupiga magoti nyuma yake, pini mkononi, amwambie: simama wima, usicheke, tumemaliza. Kazi hii ambayo wengi wetu twaifanya peke yetu, mlango umerudishwa na cherehani iko dirishani, tangu asili yake ni kazi ya watu wawili au zaidi. Juma hili tuwazungumze kina mama washonao majumbani na desturi ya kukutana kwao, jirani kwa jirani, baina ya Alasiri na Magharibi.

Desturi hii si ngeni kwetu. Kofia ya viua ya Lamu ni kazi ya mikono ya wanawake. Mmoja huchora nakshi juu ya kitambaa cheupe, mwengine hushona tundu baada ya tundu, na mwengine huunga duara la juu na ukanda wa pembeni. Kofia moja iliyo nzuri huchukua majuma, na pengine miezi, kabla haijatua juu ya kichwa cha mwenyewe. Kazi ndefu kiasi hicho haivumiliki ila pakiwa na mazungumzo. Ndiyo maana bibi zetu walikaa mkekani pamoja, kila mmoja na kipande chake.

Pale mkekani palikuwa pia na darasa lisilo na ubao. Mtoto wa kike alijifunza kwamba kanzu si kitambaa chenye mikono miwili tu. Ina badani, ndiyo mwili wake. Ina taharizi, vile vipande vya ubavuni viipavyo upana wa kutembea. Ina kikwapa, kipande kidogo cha chini ya kwapa. Ina kaba shingoni na lisani kifuani. Alielezwa pia sababu. Kikwapa kikiondolewa ili kuokoa kitambaa, mshono huvutwa kila mwenye kanzu anapoinua mikono, na haupiti muda mrefu ila umefumuka. Maneno haya hayadumu kwa kuandikwa peke yake. Hudumu pale mtu mzima anapomwambia kijana, "Nipe hiyo taharizi," na kijana akajua anyooshe mkono wapi.

Na ipo nguo moja isiyongoja siku ya miadi. Mwanamke akifariki, wanawake wenziwe ndio wamwoshao na kumvisha. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, nguo moja yenye kumsitiri mwili mzima yatosha kwa lililo wajibu, lakini lililo bora kwa mwanamke ni vitambaa vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio wa kichwa, na nguo mbili za kumfunika. Kukata sanda si kazi ya kudarizi, wala haitaki pambo. Yataka utulivu, vipimo sahihi na mkono usiotetemeka, tena mara nyingi usiku, nyumba ikiwa imejaa vilio. Ndugu msomaji, jiulize: katika mtaa wako, ni wanawake wangapi waijuao kazi hiyo? Wana umri gani? Na nani anajifunza kutoka kwao? Ikiwa jibu ni bibi mmoja ambaye macho yamepungua nuru, basi baraza la washonaji si anasa katika mtaa huo. Siku moja ya mafunzo, kwa kitambaa cha kawaida, wakati hapana msiba, yatosha kuwaondolea watu fadhaa kubwa siku ya msiba.

Kuna na jambo la riziki. Wengi wa dada zetu hushona madera, magauni ya watoto na kupinda leso kwa ajili ya majirani. Ashonaye peke yake huuza kwa bei atakayotajiwa, kwa kuwa hana wa kumuuliza. Tuseme gauni limekula kitambaa cha shilingi 900, uzi na zipu za shilingi 150, na siku mbili za kazi. Mteja akitoa shilingi 1,500, mshonaji hufurahi kuona noti zile mkononi. Lakini akitoa gharama, kilichobaki ni shilingi 450, yaani shilingi 225 kwa siku, na hapo hajahesabu umeme wala mafuta ya cherehani. Hesabu hii ni rahisi, ila ni vigumu mtu kuifanya peke yake, maana moyo huona haya. Wakikaa watano na kila mmoja akasema anatoza kiasi gani, haya hiyo huondoka. Hatusemi wafanye shauri la kumbana mteja. Twasema kila mmoja aijue thamani ya siku yake, amwambie mteja bei kabla ya mkasi kugusa kitambaa.

Faida nyengine haihesabiki kwa shilingi. Bi harusi aliyeletwa mtaa asioujua, mama aliyejifungua ambaye nyumba imemwelemea, mtu mzima ambaye wanawe wote wamesafiri: hawa si rahisi kugonga mlango wa jirani na kusema, "Nina upweke." Lakini ni rahisi kugonga na kusema, "Nisaidie kutia mkono huu, umenishinda." Kushona humpa mtu sababu ya kuja. Tena mikono ikishughulika na macho yakiwa kwenye kitambaa, neno zito hupata njia ya kutoka, kwa kuwa hakuna amtazamaye mwenziwe usoni. Mara ngapi mama amesema kwa wenziwe, huku akipiga bandi, jambo ambalo hakuweza kulisema kwa miaka?

Imepokewa kwa njia ya Mujahid kwamba wanawake waliofiwa na waume zao katika vita vya Uhud walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamlalamikia upweke wa usiku. Akawaruhusu wakutane kwa mmoja wao wazungumze, na wakati wa kulala kila mmoja arejee nyumbani kwake. Tutazame jinsi haja yao ya kuliwazana ilivyosikilizwa, na eda yao ikahifadhiwa. Basi akiwa mmoja wetu yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi, tusimfute katika orodha ya baraza. Tulihamishie kwake, bila karamu wala vishindo, kwa idhini yake na kwa kiasi apendacho.

Wapo wasemao kwamba wanawake wakikutana hapana ila kusengenya. Tusiwajibu kwa hasira, maana hofu yao ina msingi. Sura ya Al-Hujurat imekataza kusengenya kwa mfano wa kutisha, wa mtu kula nyama ya nduguye aliyekufa, na mwiko huo hauondoki kwa sababu tuna sindano mkononi. Dawa yake si kuwafungia wanawake majumbani. Aliye peke yake leo ana simu, na simu husengenya kuliko baraza lolote. Dawa ni kuwa na kazi ya kweli mbele, kuwa na mtu mzima ambaye maneno yake huheshimiwa, na kukubaliana tangu siku ya kwanza kwamba asiyekuwapo hatajwi ila kwa kheri. Siri iliyosemwa mkekani ni amana, kama kitambaa cha mteja kilivyo amana: hakikatwi na mwengine, wala hakipelekwi kwengine.

Kwa atakaye kuanza, mashauri machache. Waanze wanne au watano, siku moja ya juma, nyumba kwa zamu. Kikaribisho kiwe kahawa na tende, pengine kaimati. Siku mwenyeji atakapoanza kukopa ili apike biriani ya kuwashinda wenziwe, baraza hilo limekwisha. Aje kila mtu na kazi yake, hata ikiwa ni kifungo kilichokatika. Mwenye cherehani ya umeme asimdharau mwenye ya mkono, maana mshono ulionyooka hauulizi umetoka mashine gani. Kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kisije kikaruka baada ya kufuliwa. Vitambaa vitandazwe pamoja kabla ya kukata: mara nyingi, kwenye upana wa inchi 60, gauni la mama hubakisha pembeni sehemu ya kutosha kanzu ya mtoto, na jicho la pili huiona nafasi ambayo la kwanza halikuiona. Na nguo za Idi zianzwe Rajabu na Shaabani. Usiku wa kumi la mwisho una kazi yake, wala si haki uliwe na cherehani.

Vipande vinavyosalia visitupwe. Bibi Zaynab bint Jahsh, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa mwanamke wa kazi za mikono: akitengeneza ngozi, akizishona, na pato lake akilitoa sadaka. Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata angekuwa mwenye mkono mrefu zaidi, nao wakawa wanapimana mikono. Alipofariki Zaynab kabla ya wenziwe, wakafahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Baraza la wanawake watano, kwa mabaki ya mwaka mmoja, laweza kumvisha yatima zaidi ya mmoja siku ya Idi.

Basi mama yangu uliye na cherehani iliyofunikwa kitambaa sebuleni, na dada yangu unayesubiri siku nyingi kujifunza: jumamosi hii apelekewe salamu jirani mmoja, aulizwe kama ana nguo ya kupimwa pindo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wabillahi tawfiq.